Nyoka Njema

Kosa lilikuwa langu, niliseme mapema.
Mtaa wa Mkunguni, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitenge,
mashine ilikwisha kutema kadi mia tatu za harusi
ndipo Sikujua, mpanga herufi, akaisoma moja kwa sauti:
Nyoka njema huonekana asubuhi.

Bwana Tayabali alishika kichwa. Mshahara wangu ukakatwa.
Sikujua hakucheka. Alirudia mara mbili, polepole,
kama mtu anayeonja mchuzi.
"Njema," akasema. "Siyo mwema. Umeona?
Nyoka mwenye uhai tungemwita mwema.
Hii," akasita kati ya huyu na hii, akachagua hii,
"hii imebadili mwili, ngeli yake imekataa kuhama.
Bado ni nyota. Haijaambiwa tu."

Akazitia kadi zote kwenye kiroba, akazipeleka kwake Jangwani,
na nyuma ya kila moja, upande usio na maua ya dhahabu,
akaanza kuandika nchi.

Mimi nilidhani mtu huanza na milima,
na mfalme, na upanga uliopotea,
halafu ndipo huvitafutia majina.
Yeye alianza na neno, akakaa kulisubiri
lizae mtu wa kulitamka.

Umeme ukikatika alinisomea, mwanga wa simu kidevuni.
Kule mito yote ni mito: jitu lenye usingizi mzito
lililaza kichwa hapa, likageuka, likalaza pale,
na kila bonde la shavu lake likajaa maji.
Kule paa la nyumba huwekewa chumvi kila jioni
lisije likakumbuka kwamba liliwahi kuwa na miguu;
likikumbuka sana, linapaa.
Kule anayesema "ua" huonesha kwanza viganja,
tujue kama ameshika shina au kisu.
Hata jina lake alilitia: Sikujua, mji usiofikiwa na jua,
ambao watu wake hawaoni haya kuuliza.

Basi nikauliza. Hiyo nyoka yako huonekana asubuhi, sawa,
lakini asubuhi yenyewe huipasua nani?
Nyoka haina kucha.

Siku tatu hakunisemesha. Ya nne alikuja na mnyama
wa chini ya ardhi, na kwa mnyama yule aliona
maneno ya kawaida hayatoshi, akampimia mizani:

Alipochoka kulala, akanyoosha ukucha,
Giza lililotawala, akalikwangua kucha,
Hana jina, hana mila, ila kukwaruza kucha,
Na wote waliolala, wakasema: kumekucha.

"Kina chako kinajirudia," nikamwambia. "Kucha, kucha, kucha."
"Ana ukucha mmoja," akajibu, akarudi kupanga herufi
za kadi ya arobaini ya mtu wa Temeke.

Masika yale Jangwani ilifurika.
(Jangwa linalofurika! Ningeliandika mimi, nani angeniamini?)
Mto uliingia ndani, ukauchukua mto wake,
na godoro, na sufuria mbili,
na nchi nzima ikiwa ndani ya kiroba.

Tuliokota kadi arobaini na moja
zimenasa kwenye senyenge ya uwanja wa mpira.
Wino wake, wa kalamu ya shilingi mia mbili, ulikwisha kwenda.
Wangu ulikuwepo, wa dhahabu, hauna hata doa:
nyoka njema, nyoka njema, nyoka njema.

Alizianika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo,
matope yakimfika kwenye vifundo vya miguu.
Sikujua niseme nini. Nikauliza kama ataandika upya.

"Jitu limegeuka," akasema.
"Ngoja kwanza nione safari hii limelalia wapi."